Rangi ya Kutu

Mikono yake ilinuka mafuta ya taa. Hata Jumapili, akiwa ndani ya koti lake jeusi la kwendea misa, ukimpa mkono ulirudi kwako na harufu ile. Sisi tuliokaa naye ua mmoja pale Butembo tulimwita Shofere. Nilipopanga chumba pale, nikiwa mwalimu mpya wa darasa la tatu, nilikaa miezi kadhaa kabla ya kujiuliza kwa nini tunamwita hivyo mtu ambaye sikuwahi kumwona akiendesha gari hata hatua moja.

Gari alikuwa nalo. Lilikuwa dogo, la kijivu, na lilikaa mwisho wa ua, nyuma ya jiko, juu ya mawe manne. Magurudumu hayakuwepo. Kuku walitaga chini yake. Mgeni akiliona alisema limekufa, na ndivyo Shofere alivyotaka wageni waseme.

Maana ulikuwa wakati wa vita, vile vya pili vya nchi yetu, askari wakibadilika kila mara hata tukaacha kuuliza ni wa nani. Walifanana kwa jambo moja tu, walipenda magari. Gari lenye magurudumu lilikuwa la askari wa kwanza kuliona. Shofere aliwahi. Wiki ile ile barabara ya Beni ilipofungwa, alipandisha gari lake juu ya mawe, akang'oa magurudumu, akayagawa kwa majirani. Moja lilizikwa ghalani chini ya maharagwe. Moja lilikwenda kwa mshona nguo wa chumba cha mbele, likawa kiti cha wateja. Moja alilala nalo mwenyewe. La nne lilifichwa katika chumba ambacho baadaye nilikipanga, nikaachiwa mimi. Nililaza gurudumu lile katikati ya chumba, nikaweka ubao juu yake na kitambaa cha maua, na hapo nikasahihisha madaftari ya wanafunzi muda wote niliokaa pale. Sijapata tena meza iliyotulia namna ile.

Sababu ya haya yote ilikuwa mke wake. Mama, kama uani walivyomwita, alikuwa Mutwanga, chini ya milima. Shofere mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa gari lile amuuguze dada yake kwa wiki mbili, akarudi peke yake, na nyuma yake barabara ikafungwa. Wiki mbili zikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine. Habari zilikuja kwa midomo ya wachuuzi waliojipenyeza kwa njia za porini: Mama yuko, dada amezikwa, miguu ya Mama imevimba, hawezi kutembea mbali. Kila habari Shofere aliipokea amesimama, kofia mkononi, akasema "wasingya," asante, kisha akaenda nyuma ya jiko kuliangalia gari.

"Nilimupeleka na gari," alituambia, "nitamurudisha na gari. Miguu yake haitafika."

Basi kazi yake kubwa hapa duniani ikawa kupigana na kutu. Gari likikaa bila magurudumu, kile kitovu cha chuma ambapo gurudumu hufungwa, yeye akikiita moyeu, hubaki uchi, na Butembo ina mvua na ukungu karibu mwaka mzima. Kutu ikila pale, gurudumu halikai tena sawasawa. Kila mwezi alileta kiti chake kifupi akakaa mbele ya kitovu kimoja kama anayemtazama mgonjwa. Alikisugua kwa brosi ya waya mpaka vumbi jekundu likamjaa kwenye nyusi. Alipita na msasa, akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akangoja kikauke. Zile bulon, misumari minene ya kufungia gurudumu, alizivika moja moja vipande vya jani la mgomba na kuvifunga kwa uzi, ili rangi isiingie kwenye meno yake. Ndipo alipofungua kopo la antirouille, rangi ya kuzuia kutu, yenye wekundu mzito kama udongo wa ukingo wa barabara. Alipaka kidogo kidogo, kwa ncha ya brashi, huku amezuia pumzi. Kesho yake alihamia kitovu kingine.

"Dawa ni brosi, Madame," aliniambia. Sisi walimu wanawake huitwa Madame, hata tukiwa na viatu vilivyotoboka. "Rangi ni nguo tu. Nani anavaa nguo mbele ya kuoga?"

Nilicheka, nikarudi kwenye madaftari yangu. Laiti ningesikiliza.

Watu walisema ni bahili, na kweli alikuwa na dalili zote. Alinyoosha misumari iliyopinda. Majani yale yale ya chai aliyachemsha mpaka maji yakakataa kubadilika rangi. Na vitovu vyake vilibaki daima na rangi ile ya kwanza, nyekundu ya udongo, ambayo kila fundi hufunika kwa rangi nyingine ya kumalizia. Kumbe ya kumalizia alikuwa nayo. Kopo zima la rangi ya fedha, la kung'aa, lilikaa kwenye rafu juu ya kitanda chake, pembeni ya picha ya Bikira Maria, halijafunguliwa. Mshona nguo alimchokoza siku moja.

"Papa, hii rangi unachungia mazishi yako?"

"Ile ni ya siku barabara itafunguka," alijibu. "Siku ile moyeu zangu zitang'aa mpaka Mutwanga."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Redio hakuiamini, akaisikiliza mara tatu kwa siku. Kuku aliwatukana, lakini kuku akiatamia chini ya gari, Shofere aliahirisha kazi upande ule mpaka vifaranga watoke. Aligombana na mshona nguo juu ya siasa hadi mishipa ya shingo ikamsimama, na jioni ile ile nilimkuta amepiga magoti anamtengenezea cherehani bila neno. Mimi alinikaripia kwa kuvaa kandambili kwenye baridi, kisha nikakuta viatu vyangu vimeshonwa soli mpya mlangoni, na nilipomshukuru akasema hajui ninachosema. Nilimpenda mzee yule. Neno hilo naliandika wazi kwa sababu nilipokuwa naye sikulisema.

Lakini ninachokumbuka zaidi, na ambacho bado hunijia usingizini, ni safari za Jumapili.

Baada ya misa alifungua milango ya gari, akapanguza viti, akasema tu, "Pandeni." Tulipanda. Mshona nguo mbele, mimi nyuma, na yeyote mwingine wa uani aliyetaka. Shofere alishika usukani, akatazama kulia na kushoto, na gari lile lisilo na magurudumu likaondoka. Naapa liliondoka. Kulikuwa na ukungu uliotanda juu ya ua, ukifumba macho nusu uliona unatembea.

"Tunafika Maboya," alisema. "Mufunge vioo, kuko vumbi."

Tulifunga vioo. Aliita kila kona, kila duka la ukingoni, kila daraja la miti na ubao unaokosekana. Kwenye mteremko wa Kabasha alikanyaga breki, nasi sote tukaegemea mbele. Barabara ikishuka kutoka Butembo, baridi hubaki nyuma na joto la Beni hukupokea, kwa hiyo alipotangaza mwisho wa Kabasha tulivua sweta zetu, zile tuitazo triko, tukaziweka mapajani. Ngozi yangu ilikuwa na vipele vya baridi, na bado nilijipepea. Tulipita Beni. Tulivuka daraja la Semuliki polepole, kimya, kwa sababu alisema mto ule unataka heshima. Kisha milima ikaja juu ya dirisha, na akapunguza mwendo mbele ya mlango ambao yeye tu aliuona.

"Tumefika," alisema, akazima gari ambalo halikuwaka.

Hapo tulishuka, tukavaa sweta zetu, kila mtu akaenda kuangalia sufuria yake. Kurudi hatukurudi kamwe. Nilimuuliza mara moja kwa nini safari zetu ni za kwenda tu.

"Kurudi ni pamoja na Mama," alisema.

Askari walikuja uani mara moja katika miaka ile. Walikuwa wanne, wakisema Lingala. Mmoja alizunguka gari, akainama, akagonga kitovu cha mbele kwa ncha ya kiatu, akakitazama. Shofere alisimama kando, mikono nyuma, mjinga kuliko wajinga wote. "Oyo ekufi kala," askari alisema, hili lilikufa zamani. Wakaenda zao. Nilijisifu moyoni kwa kuwa gurudumu lilikuwa chini ya kitambaa changu cha maua na hawakulijua. Sikujiuliza yule askari alipoinama aliona nini.

Kisha asubuhi moja redio ikasema wakubwa wamepatana. Vita vimekwisha, majeshi yanaondoka, barabara zinafunguliwa. Kengele za kanisa zilipigwa, wanawake walipiga vigelegele, na shuleni wanafunzi wote wakarudishwa nyumbani wakiimba. Nilipofika uani niliambiwa Shofere amechukua bidoni, lile dumu lake, amekwenda kutafuta esansi, mafuta ya gari. Kesho alfajiri anaondoka kwenda Mutwanga.

Mwili wangu ulijaa furaha hata nikakosa pa kuiweka. Nikawaza, leo ndiyo siku aliyoisema. Mlango wake haukuwa na kufuli. Nikaingia, nikashusha kopo la fedha, nikalifungua kwa kijiko, nikaenda nyuma ya jiko.

Sikupiga brosi. Sikufuta. Juu ya vitovu kulikuwa na vumbi na uchafu wa kuku, nami nikapaka juu yake, rangi nzito ya kumiminika, nikaimba. Nikapaka na bulon zote, meno na yote, kwa sababu nazo nilitaka zing'ae. Nilipomaliza vinne vyote niliviona hata kutoka mlango wa barabarani, vikichungulia kando ya jiko, duara nne za fedha chini ya gari la kijivu, nikajipigia makofi.

Shofere alirudi saa sita na bidoni begani. Alisimama. Alitua bidoni chini polepole sana.

"Papa, si ulisema siku barabara itafunguka?" nilimwambia. "Angalia! Leo njo ile siku!"

Alikwenda mpaka kwenye mfereji wa maji machafu, akachota matope kwa mikono miwili, akarudi, akachuchumaa mbele ya kitovu cha kwanza. Kisha akageuka akanitazama usoni. Sijui aliona nini. Brashi bado ilikuwa mkononi mwangu na nadhani nilikuwa bado nacheka. Alikaa vile kidogo, matope yakimdondoka katikati ya vidole, halafu akayatupa kwenye mgomba, akanawa mikono.

"Ni muzuri, Madame," alisema. "Inang'aa kabisa."

Askari walipita asubuhi iliyofuata. Walikuwa wanaondoka kweli, redio haikudanganya, lakini walikuwa na mizigo na walitafuta cha kuibebea. Mmoja alichungulia kutoka barabarani. Aliona duara nne.

"Motuka ekufi, kasi makolo ezali kongenga?" aliuliza. Gari limekufa, mbona miguu inang'aa?

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna anayepaka rangi mpya kwenye kitovu cha gari ambalo halina magurudumu yaliyofichwa mahali. Wekundu ule wa miaka yote haukuwa ubahili. Ulikuwa rangi ya kutu, na aliuacha juu ili askari akiinama aone kutu, huku chini yake chuma kikiwa safi. Na yale matope yalikuwa ya kuufunika mng'aro wangu.

Waliyapata magurudumu yote. Kwangu walivuta kitambaa cha maua na madaftari yakaanguka chini. Walimlazimisha Shofere ayafunge yeye mwenyewe, na kwa vile rangi yangu ilikuwa imeganda kwenye meno ya bulon, aliyafunga kwa shida, jasho likimtoka, nao wakimtukana. Walimwaga esansi yake ndani. Gari liliwaka mara ya kwanza. Alikuwa amelitunza vizuri hivyo. Likatoka uani kwa magurudumu yake, likapinda, tukasikia sauti yake mpaka ikaisha.

Majirani walikusanyika kwenye yale mawe manne. Mshona nguo, mwenye hasira, akauliza ni nani aliyepaka.

"Ni mimi," Shofere alisema. "Tamaa ya muzee."

Nami nilificha nyuma yangu vidole vyenye rangi ya fedha. Siku mbili baadaye alijifunga mkoba mgongoni, akasema anakwenda Mutwanga kwa miguu. Brosi yake ya waya ilichungulia kwenye mkoba. Alipita mlangoni kwangu.

"Madame, unichungie ile mawe," alisema.

Akaenda, hakurudi. Nilibaki katika ua ule miaka mingi. Mwenye nyumba alitaka kujengea yale mawe, nikagombana naye, nikashinda.

Nilimwona tena Beni. Nilikuwa nimetumwa kupeleka karatasi za mtihani katika shule ya komini, au tarafa, ya Ruwenzori, jua kali, nikitafuta njia ya mkato kati ya nyumba. Harufu ya mafuta ya taa ndiyo iliyonisimamisha. Mzee amekaa kwenye benchi la ukuta, na mbele yake kiti cha magurudumu cha mgonjwa kimepinduliwa. Alikuwa anasugua kitovu chake kwa brosi ya waya. Bulon zake zilivaa vipande vya jani la mgomba.

"Wavukire, Papa," nilimsalimu.

Aliinua macho. "Madame. Bado unavaa kandambili."

Nilikaa karibu naye, na kabla hajaniuliza habari za Butembo nilianza kulia kama mtoto niliyemnyima mapumziko. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia nimebeba siku ile miaka yote.

"Sikiliza kwanza," alisema, akaweka brosi chini. "Nilitembea siku tatu. Hapa Beni, pale rond-point, mu muzunguko wa barabara, naona gari moja inapita. Bamepaka yote kijani. Lakini moyeu, ile rangi yako ilikuwa inabanduka vipande-vipande, sababu hukupiga brosi. Na chini naona yangu, nyekundu. Njo nilijua ni ile yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama katikati ya barabara. Shofere yake alikuwa askari kijana, mutu wa Equateur, mupole. Anaenda Kasindi, njia ya Mutwanga. Nikamuambia, muana, bulon yako ya nyuma inalegea, juu rangi imeingia mu meno. Kasindi hutafika, roue, gurudumu ile, itatoka njiani. Akaogopa! Akaniuliza kama naweza kutengeneza. Nikasema, naweza, lakini kwanza ufike Mutwanga, uniache kwa muke wangu." Alicheka mpaka akakohoa. "Donc, basi, nilipanda gari yangu. Nilikaa nyuma, kama passager, abiria tu."

"Na Mama?"

"Alikuwa mu mlango. Akaona gari. Akasema, umekuja na gari! Nikamuambia, si nilikuahidi?" Alipangusa vumbi jekundu kwenye goti. "Nikamufungia kijana bulon yake, akaendelea safari. Nikamuambia Mama nimemutuma arudishe gari ku Butembo. Anasema, we! Tangu lini unaachia mutu gari? Nikamuambia, nimezeeka. Tukafika hapa Beni na pick-up, yeye juu ya mifuko ya kakao. Butembo sikumupeleka, juu atauliza gari. Sasa nitamuonyesha nini, mawe?"

Nilimuuliza neno moja lililobaki. "Papa, yale matope. Kwa nini uliyatupa?"

"Juu ulikuwa umefurahi sana," alisema. Alichukua tena brosi, akaitazama. "Na mi nilikuwa nachunga gari, Madame. Miaka yote nachunga gari. Mama, nani alikuwa anamuchunga?"

Alimaliza kitovu, akakifuta, akafungua kopo dogo. Ilikuwa rangi ya fedha. Baadaye, ilipokauka, tuliingia ndani tukamtoa Mama tukimshika huku na huku, mwembamba, miguu imefungwa vitambaa, na tukamkalisha katika kiti chake pembeni ya benchi. Shofere alimwambia mimi ni nani. Alinishika mkono akanitazama muda mrefu.

"Wewe unatoka kule kwetu," alisema. "Gari yetu iko? Bado iko pale uani, mu parcelle?"

Shofere aliinamisha kichwa, akaanza kukwangua rangi kwenye ukucha wake.

"Iko, Mama," nilisema. "Iko juu ya mawe yake. Juzi nilipiga brosi, nikatosha kutu yote, nikafunga bulon na majani. Kisha njo nikapaka."

"Ulipaka rangi gani?" Shofere aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Ile nyekundu, Papa. Ya kung'aa nimechunga."

Shofere alinyoosha mgongo, akatazama kulia, akatazama kushoto, na mikono yake miwili ikapanda taratibu mbele ya kifua chake, ikashika.

"Pandeni," alisema.

Nilisogea karibu naye kwenye benchi. Beni ilianza kutupita, rond-point, maduka, mashamba ya pembeni. Alitaja kila kona, lakini sasa kona za kushoto zilikuwa za kulia. Joto lilikuwa la kuyeyusha mishumaa, jasho lilinitiririka shingoni. Kabasha ilianza kupanda, akabadilisha gia, na sote watatu tukaegemea nyuma.

Mama alijikunyata, akasugua mikono yake.

"Madame," alisema, "unipatie triko yangu iko mu nyumba. Butembo kuko baridi."